Kakao ya Jumatano

Miguu ya Zita Polius ni mipana, visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi, na kidole gumba cha kushoto kimepinda tangu siku mchi ulipomponyoka akiwa na miaka kumi na mmoja. Si miguu ya kutazamwa. Lakini nakuambia, msomaji wangu, katika mji wetu mdogo wa Anse Citron, hapa kisiwani Saint Lucia, hakukuwa na miguu iliyoheshimiwa kama hiyo, maana ndiyo iliyoicheza kakao tuliyokunywa kila asubuhi.

Kuicheza kakao ni hivi. Mbegu zikishavundikwa siku saba chini ya majani ya mgomba, kisha zikakaushwa juani, zinabaki na ukungu na utelezi uliogandamana. Unazitia kwenye karai la shaba, lile kubwa la zamani la kuchemshia sukari, unanyunyiza maji kidogo, unaingia pekupeku, unacheza. Mbegu zinasuguana chini ya nyayo mpaka zing'ae kama viatu vya padri. Mikono inachoka haraka, na mashine inazipasua. Mguu ndio unaojua ukandamize wapi na uachie wapi. Baada ya hapo unazikaanga, unazimenya, unazitwanga na mdalasini na kungumanga, unafinyanga vijiti. Kijiti kimoja ukikikwaruza kwenye maji yanayochemka unapata chai ya kakao yenye macho ya mafuta yanayoelea juu. Bila macho hayo hujanywa kakao, umekunywa maji ya kuoshea sufuria.

Zita alifundishwa kazi hiyo na mama yake, Ma Perpetua, na akarithi pia mahali pake pa kuuzia: ngazi za mawe mbele ya forodha ya zamani, pale abiria wa meli wanapokanyaga nchi kavu. Ma Perpetua aliuza pale miaka ishirini na sita, Zita thelathini na mmoja. Mimi niliuza kofia za kusuka ngazi moja chini yake, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Mengi niliyaona, na mengine niliyanusa.

Mwaka huo zilikuja habari kwamba meli moja ya anasa inapunguza vituo. Siku za Jumatano ilikuwa ikitia nanga kwetu wiki moja, na wiki inayofuata Grenada. Sasa wenye meli wanataka kisiwa kimoja tu cha Jumatano. Watu watatu wangekuja kutukagua sisi, kisha waende kuikagua Grenada, halafu wachague.

Kuchagua ni haki ya mnunuzi, sikatai. Hata mimi nikienda kununua samaki nafunua matamvua, nabonyeza jicho, nanusa, namrudisha, namshika mwingine. Sikuwahi kujiuliza samaki anajisikiaje. Mwaka huo nilijua.

Mwenyekiti wa kamati ya mapokezi ya bandari yetu alikuwa Cuthbert Alcindor, mwalimu mstaafu, mwenye tai ya bluu aliyoivaa hata jua likiwa la kuchemsha mayai. Mama yake mzazi aliwahi kucheza kakao karai moja na Ma Perpetua. Cuthbert alisoma kwa kakao, akanenepa kwa kakao. Lakini siku alipoipata fomu ya wakaguzi, sijui aliipata wapi, alibadilika kabisa. Alitukusanya forodhani akatusomea mambo yatakayotiliwa alama: harufu, ngazi, vyoo, mbwa, kelele, tabasamu.

"Tabasamu linatiliwa alama?" aliuliza Ma Titine, muuza samaki.

"Kumi," alisema Alcindor. "Kwa hiyo leo tunafanya mazoezi. Wote! Meno ya juu tu, ya chini yafichwe."

"Mimi ya juu sina, Mwalimu."

"Basi wewe tabasamu umefunga mdomo."

"Huko si kununa huko?"

Tulicheka, naye akagonga meza kwa rula. Akapita mmoja mmoja kama anatukagua chawa. Alipofika kwangu akasema, "Bwana Hippolyte, hilo si tabasamu, hilo ni jino linauma." Alipofika kwa Zita alikuta uso umefungwa kama duka la Jumapili.

"Zita, tafadhali."

"Wakinisalimia nitawatabasamia," alisema Zita. "Mtu akija na habari za asubuhi kinywani, uso unafunguka wenyewe. Huo ndio ufunguo wake. Mimi sikuzaliwa na mwingine."

"Hao wenzetu hawana mazoea ya kusalimia kila mtu."

"Basi hawana mazoea ya kulelewa."

Kwetu, msomaji, mtu anayeingia mahali bila kusema habari za asubuhi hauziwi hata maji. Lakini Alcindor alisema siku hiyo sheria hiyo imelala. Ma Titine na wenzake wakaambiwa wasionekane na samaki wao mpaka alasiri. Mbwa wakafungiwa uwanja wa shule. Mtaro wa sokoni ukamwagiwa dawa mpaka kaa wadogo wakatoka wakielea matumbo juu. Harufu ile ya dawa juu ya harufu ya kaa waliokufa, mpaka leo nikiikumbuka nahisi mate ya chumvi mdomoni.

Kisha akamgeukia Zita. "Wewe ndiye kitu chetu kikubwa. Utacheza kakao mbele yao, utaikaanga, utaitwanga, watakunywa hapo hapo. Atakayeshiriki vizuri atapewa kadi mpya ya mahali pake. Asiyeshiriki, yuko bwana anaziomba hizo ngazi zako aweke sumaku za kubandika kwenye friji."

Tuliziona sumaku hizo. Zilitengenezwa mbali, zimechorwa milima yetu miwili, na mmoja umegeuzwa kichwa chini.

Jioni Zita alikaa kizingitini pake akachagua mbegu za Novemba, zilizo bora kuliko zote za mwaka, kilo kumi na mbili, akizipitisha mkononi moja moja. Nikamuuliza, "Unawapa za Novemba hao wasiosalimia?"

"Siwapi wao," alisema. "Naulipia mgongo wa mama. Zile ngazi zimechimbika kwa makalio yake, Hippo. Unataka akakae nani pale? Sumaku?"

Asubuhi ya ukaguzi tulipanga kila kitu mapema. Karai lilisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka likawaka. Mbegu zikamwagwa ndani. Zita alikuwa ameosha miguu kama anavyoosha siku zote, kwa maji ya moto na majani ya mdalasini, akaifuta kwa kitambaa cheupe ambacho hakifanyi kazi nyingine. Akainua mguu aingie.

"Ngoja!" Alcindor anakuja mbio, amebeba beseni, tai imemrukia begani. Ndani ya beseni mna maji meupe kama maziwa yaliyochacha. Ni ile dawa ya kuulia vijidudu, ya kahawia ikiwa chupani, ukiimimina majini inageuka maziwa. Kila aliyelazwa hospitali anaijua. Ilitupiga puani kabla hajaliweka chini.

"Tia miguu humu."

Zita alimtazama kama anatazama mtu anayeota. "Cuthbert. Wewe ni mtoto wa Ma Anselma. Kakao inakunywa harufu. Ukiiweka karibu na kitunguu inakuwa kitunguu, ukiiweka karibu na mafuta ya taa inakuwa taa. Mama yako hakujipaka hata marashi ya kanisani wiki ya kucheza."

"Hao watu wanaogopa vijidudu, Bi Zita."

"Na mimi naogopa ujinga. Mbona mimi nimekuja?"

"Gari lao limeshapita daraja! Unataka kisiwa kizima kikose Jumatano kwa ajili ya nyayo zako? Unataka hizo ngazi, huzitaki?"

Niliona Zita akizitazama zile ngazi. Akatia mguu wa kulia, akatia wa kushoto. Ile dawa iliingia kwenye mipasuko ya visigino akauma mdomo. Na Alcindor, Mungu amsamehe mwenyewe maana mimi bado, akaliinua lile beseni akamwagia maji yaliyobaki juu ya mbegu. Zote. "Tahadhari tu," akasema.

Ma Titine, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango wa forodha, alijishika tumbo kama aliyepigwa ngumi. Mbegu za Novemba zikaanza kutoa povu.

Wakaguzi wakafika. Mama mmoja mrefu mwenye nywele rangi ya ndevu za mahindi, jina lake Bi Halvorsen, na vijana wawili wa kumbebea mkoba na mwavuli. Hawakusalimia. Mama alisimama katikati ya gati, akavuta pumzi, akaandika. Akapanda ngazi akizihesabu, akaandika. Akaingia chooni, akatoka, akaandika. Alimgusa bata wa mbao wa jirani yangu kwa ncha ya kalamu akamgeuza kutazama tumboni, akamwacha amelala ubavu. Alimtazama mtoto aliyekuwa akipiga ngoma, akamuuliza Alcindor kama mtoto huyo anaweza kuvaa nguo zenye rangi zaidi. Sisi tulikuwa tumesimama mstari mzima, meno ya juu nje, mashavu yanatetemeka. Nilihisi uso wangu unanuka.

"Na huyu?" aliuliza, kalamu ikielekea kwa Zita.

"Huyu, mheshimiwa, anacheza kakao kwa miguu!"

"Kwa miguu," alirudia yule mama, na pua yake ikajikunja kama karatasi inayoungua.

"Imetiwa dawa," akasema Alcindor haraka. "Nusa mwenyewe."

Mama akainama, akanusa. Pua ikakunjuka. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke. "Oh," alisema, "vizuri sana."

Zita akacheza. Siku nyingine akicheza huwa anaimba, na jasho lake tunasema ni la baraka. Siku hiyo hakuimba. Alikanyaga kama anayekanyaga kitu asichotaka kukitazama. Povu lilipanda mpaka kwenye vifundo. Vijana wakapiga picha nyayo, wakapiga tena, wakamwomba anyanyue sketi kidogo, wakapiga. Kisha Zita akakaanga mbegu kidogo makaani, akazimenya, akazitwanga, akachemsha. Mvuke wenyewe ulinuka wodi. Macho ya mafuta yalipoanza kuelea, Alcindor akaingiza karatasi laini ya kufutia mdomo akayafyonza yote, akaitupa.

Zita aliniambia baadaye kwamba wakati huo aliomba jambo moja tu: yule mama ateme. Ateme mbele za watu, mambo yaishe, ngazi zipotee kwa haki.

Bi Halvorsen alikunywa. Akafumba macho. "Ina ladha safi," alisema. "Visiwani huwezi kuwa na hakika na unachopewa. Hii unasikia kabisa kuwa ni safi." Akaandika, na mimi niliyekuwa karibu niliona: kumi.

Walipoondoka bila kuaga, Zita alimimina kidogo kikombeni akaonja kazi yake. Akaenda nyuma ya forodha. Nilimsikia akitapika kwa muda mrefu, mtu ambaye aliwahi kuzaa mapacha bila kupiga kelele.

Baada ya wiki mbili Alcindor alipita akipuliza filimbi: tumechaguliwa. Zita akapewa kadi ya plastiki yenye kamba ya shingoni. Usiku huo alipigiwa simu na dada yake, Gwendeline, aliyeolewa Grenada na ambaye naye aliuza vijiti vya kakao bandarini huko. Zita aliweka simu mezani tusikie wote tuliokuwa kwake.

"Haya, mabingwa," alisema Gwendeline. "Mmetunyang'anya Jumatano. Mliwapa nini hao?"

"Nyinyi mliwapa nini?"

"Kakao! Kakao ya baba na mama, mafuta yanaelea juu makubwa kama vifungo vya koti. Yule mama alisukuma kikombe kwa kidole kimoja, hivi, kama anasukuma panya aliyekufa. Akasema kina uchafu juu. Sasa niambie siri yako, dada'angu."

"Mimi niliwapa dawa ya sakafu."

"Acha utani."

"Naapa kwa kaburi la mama. Niliosha miguu kwa dawa ya hospitali, na mbegu zikaoshwa humo humo, akanywa, akasema safi."

Gwendeline alicheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikakatika. "Kwa hiyo tumeshindwa na dawa ya sakafu," alisema. "Mimi Jumatatu naanza kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, Zita. Nawe furahia." Akakata.

Jumatano zikaanza. Zita alikataa katakata kuharibu mbegu nyingine. Zile zile za Novemba, zilizokufa, alizirudisha kwenye karai kila wiki. Alcindor analeta beseni, Zita anatia miguu, anacheza, picha zinapigwa, kakao ya unga wa kopo inagawiwa kwenye vikombe vya karatasi, wageni wanashukuru. Mbegu zikalika mpaka zikawa kama kokoto za mtoni, nyeusi, hazina ukungu wala ladha, na bado watu walishangaa zinavyong'aa. Mgeni mmoja aliomba anunue kiganja kimoja awe na kumbukumbu.

"Hiyo si ya watu," alisema Zita.

"Ni ya nani basi?"

"Ya Jumatano."

Kakao yake halisi aliicheza nyumbani Ijumaa, kuuza sokoni Jumamosi. Na hapo ndipo balaa lilipojificha, maana sote tulidhani ameshinda: ngazi anazo, na kakao yake anayo. Jumamosi moja Ma Titine alikunywa kikombe chake pale sokoni, akasimama nacho mkononi.

"Zita, nisamehe. Mimi ndiye ninanuka samaki mji huu, sina ruhusa ya kusema. Lakini kakao yako inanuka wodi."

"Wodi gani?"

"Ile niliyomzikia marehemu mume wangu kabla hajafa."

Zita alikichukua kikombe, akanywa, akatema chini mbele ya wateja wake wote. Alikusanya vijiti vyote vya siku hiyo, akarudi navyo nyumbani, akavichoma uani. Ile dawa ilikuwa imekaa kwenye mipasuko ya visigino wiki baada ya wiki, na mguu ukitoka jasho ndani ya karai unairudisha yote. Alijaribu kila kitu. Alisugua kwa ndimu na majivu mpaka damu. Alilala miguu imefungwa majani ya mdalasini. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, akicheza kiganja kidogo kujaribu, anaonja, anatema. Ndani ya mwezi watu walianza kununua vijiti kwa mwanamke wa mji wa pili, kimya kimya, wakivificha chini ya ndizi wakipita mlangoni pake. Mimi pia nilinunua. Naandika hili nikiona haya.

Jumatano iliyofuata Alcindor alileta beseni lake. Zita alikuwa amekaa ngazini amevaa viatu. Hatukuwahi kumwona na viatu mahali pale.

"Haya, vua, meli imeshafunga kamba."

Akavua kadi shingoni akaidondosha ndani ya beseni. Ikazama kwenye yale maziwa.

"Bi Zita! Unajua maana yake? Mahali pa mama yako hapa!"

"Mama yangu alikalia hapa kwa sababu alikuwa na kakao," alisema Zita. "Sasa mimi nina ngazi, kakao sina. Ngazi nitazifanyia nini, nizitafune?"

"Nitatafuta mwingine."

"Tafuta. Mbegu nakuachia. Hizo hazitaharibika tena."

Alcindor alimpata msichana mmoja wa mapokezi hotelini, mzuri wa uso, miguu laini, asiyejua kutofautisha kakao na mchanga. Anacheza mpaka leo, kwenye mbegu zile zile, na wageni wanapiga picha. Mimi kofia zangu nimezihamishia sokoni. Sikuweza kuendelea kukaa pua yangu ikielekea lile karai.

Zita alikaa nyumbani. Kila Jumamosi nilikwenda kumkuta uani ana kikaango kidogo, ameicheza kakao kiganja kimoja tu, ameitwanga, ameichemsha. Wiki ya kwanza alionja, akatema. Ya tatu akatema. Ya saba akasema, "Imepungua, lakini ipo, iko nyuma ya ulimi kama muuguzi amejificha mlangoni," akatema. Nilizoea kusogeza mguu wangu nisirushiwe.

Wiki ya kumi na nne alikoroga, akasubiri macho ya mafuta yakusanyike juu. Akapuliza. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, mashavu yakivimba huku na huku. Nikasogeza mguu.

Akameza.